Umeme Ukikatika kwa Siku Kadhaa: Nyumba Yako Imejiandaaje?

Masika iliyopita umeme ulikatika kwetu Maneromango kwa siku mbili mfululizo. Siku ya pili, baada ya sala ya Alfajiri, tukapata habari ya msiba wa bibi mmoja, jirani wa msikiti. Wanawake waliokwenda kumwosha wakamtuma kijana msikitini kuteka maji. Akarudi na ndoo tupu. Tangi lilikuwa limekauka tangu Isha, na pampu ya kisima haiendi bila umeme. Mimi ndiye katibu wa kamati; sikuwa na la kujibu.

Wapo waliouliza kama marehemu angeweza kutayamamishwa. Imamu akasema kwamba maji yanayoweza kupatikana mtaani ni lazima yatafutwe kwanza. Ndipo mama mmoja akatoa mapipa mawili ya maji ya mvua aliyokinga chini ya bati la nyumba yake. Marehemu akaoshwa, akakafiniwa, akasaliwa na kuzikwa kwa heshima. Mvua hiyo hiyo ilikuwa imenyesha juu ya paa la msikiti usiku kucha, nasi hatukukinga hata ndoo moja.

Ndugu msomaji, tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: ikiwa msikiti wenye kamati ulikutwa hivyo, familia zetu je?

Wenzetu wa Unguja wameyaonja makubwa zaidi. Kisiwa kile hupata umeme kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2008 hitilafu iliwaacha bila umeme kwa takriban mwezi mmoja, kati ya Mei na Juni. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ukakatika tena, na haukurejea hadi Machi 2010. Wenye uwezo walinunua jenereta, na ngurumo zake zikajaa Mji Mkongwe. Kwa wengi, shida kubwa haikuwa giza bali maji, kwa kuwa pampu zilisimama. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013.

Nasi wa Bara, usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2024, tukiwa ndani ya Ramadhani, gridi ya taifa ilipata hitilafu na giza likatanda nchini. Leo tunalo Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini bwawa halimzuii mwembe kuangukia nyaya.

Kujiandaa si upungufu wa tawakkul. Nabii Yusuf (A.S.) aliwaelekeza watu wa Misri kuweka akiba katika miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya ukame. Basi mpango wa nyumba uanze kwa kumtazama mtu kabla ya kitu.

Kwanza, mwenye uhitaji. Ni nani nyumbani ambaye umeme ukikatika afya yake imo hatarini? Kama yupo anayetumia insulini, tabibu wake aulizwe mapema jinsi ya kuihifadhi bila friji na kwa muda gani. Chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya kingine, kati yake mchanga unaomwagiwa maji, hupunguza joto na kimewasaidia wengi. Mtoto mchanga, mzee na mjamzito nao wawe na mtu aliyetajwa kwa jina wa kuwaangalia.

Pili, maji. Kipimo kinachotumika katika maafa ni lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, kwa kunywa, kupika na usafi. Nyumba ya watu sita huhitaji lita 90 kwa siku; kwa siku tatu ni madumu 14 ya lita 20. Yasipopatikana yote, ya kunywa yatengwe kwanza, yafunikwe, na yachemshwe au yatiwe dawa. Katika udhu tukumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alitosheka na mudi moja, ambayo haifiki lita moja.

Tatu, moto. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kuzima taa tunapolala na kufunika vyombo. Agizo hili ni kinga ya nyumba zetu hata leo: mshumaa au kibatari karibu na chandarua ni hatari kubwa. Taa ya sola au tochi ni salama zaidi. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani, na jenereta isiwashwe ndani wala barazani karibu na dirisha. Hewa yake yenye sumu haina rangi wala harufu, na humuua mtu usingizini.

Nne, chakula. Friji isiyofunguliwa hutunza baridi kwa takriban saa nne. Friza iliyojaa, hadi siku mbili. Samaki na nyama vipikwe mapema. Wazee wetu walikuwa na makopa, kunde na samaki wakavu, na hawakuwa na friji.

Tano, mawasiliano. Simu moja iachwe na chaji kwa dharura, namba muhimu ziandikwe kwenye karatasi, na fedha taslimu kidogo ziwekwe. Friji na televisheni zichomolewe, kwani umeme unaporudi kwa nguvu huweza kuziunguza.

Mwisho, jirani. Nani atagonga mlango wa mjane anayeishi peke yake? Lisipopangwa, kila mmoja hudhani mwenzake amekwenda.

Msikiti wetu sasa una mfereji wa bati na mapipa ya kukinga mvua, na tangi hujazwa kila siku kabla ya Magharibi. Zamu zimebandikwa ukutani, na jina la katibu ni la kwanza.

Leo baada ya Isha, mzee wa nyumba akae na mkewe na watoto kwa nusu saa. Waulizane maswali haya, kila mmoja apewe jukumu lake, na karatasi ibandikwe nyuma ya mlango. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.