Kondoo wa Mfalme Sauli

Wakristu wa bonde la Ruzizi hawapendi kwenda kanisani mikono mitupu. Huko Sange, kwenye barabara kuu itokayo Bukavu kwenda Uvira, ardhi yazaa mihogo, mpunga na mahindi, na wafugaji wa ng'ombe wapo. Basi mavuno yapelekwapo altareni kwa nyimbo, nasi twafurahi. Ni haki kufurahi. Lakini je, Mungu atazama kwanza kikapu, ama mtu akichukuaye?

Mfalme Sauli alidhani ni kikapu. Twasoma habari zake katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 15. Mungu alimwagiza apigane na Waamaleki, wala asijiwekee nyara yo yote. (Amri ile ya vita ni ngumu masikioni mwetu, na kuieleza kwahitaji makala nyingine.) Sauli akashinda. Lakini akamwacha hai mfalme Agagi, na wanyama walionona hakuwaharibu. Walioharibiwa ni wale wanyonge tu. Tena akajisimamishia nguzo ya ukumbusho, kwa sifa yake mwenyewe! Samweli alipomfikia, Sauli akamsalimu kwa furaha na kusema ametimiza yote. Ndipo nabii akauliza: hao kondoo wanaolia ni wa nini?

Jibu la Sauli lafaa tulitazame sana, maana ni jibu la wengi hata leo. Kwanza aliwatupia watu wake lawama. Kisha akasema kondoo wamewekwa kwa ajili ya sadaka. Angalieni: alitaka kumtolea Mungu vitu ambavyo Mungu alikwisha kumkataza asivishike! Sadaka ya namna hiyo haimgharimu mtoaji kitu. Samweli akamwambia wazi kwamba utii wampendeza Mungu kuliko mafuta ya kondoo dume. Na Sauli akakataliwa asiwe mfalme.

Tuseme sasa mtu mmoja wa bondeni ameacha ng'ombe wake wale mihogo ya mjane, naye amekataa kulipa. Jumapili aja na kikapu kikubwa kuliko vyote. Watu wamsifu, padri apokea, maana hajui kitu. Lakini kondoo wa Sauli wanalia ndani ya kikapu kile, na mjane aketiye benchi la nyuma awasikia vizuri sana.

Wala mtu asiseme, "Kama utii wapita sadaka, basi mimi nitatii tu, sadaka nitaziacha." Huo ni ubahili uliovaa kanzu. Abrahamu alitii, na kwa sababu alitii alipanda mlimani na kuni na moto. Nabii Malaki naye aliwakemea vikali wale waliopeleka altareni wanyama vipofu na vilema, wasiothubutu kumpelekea liwali zawadi kama hiyo.

Katika lugha yetu mtoto asiyetii twasema hasikii. Kusikia na kutii ni jambo moja, na Kanisa la Kongo limelifahamu neno hili katika ibada yake. Kitabu cha Misa kwa majimbo ya nchi yetu, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, kilikubaliwa na Roma mwaka 1988. Katika Misa ya namna hiyo toba haiwekwi mwanzoni kama mahali pengine. Kwanza watu husikia Neno la Mungu na mahubiri, hukiri imani, ndipo huomba msamaha na kupeana amani. Baada ya hayo tu ndipo vipaji huletwa.

Utaratibu huo watukumbusha agizo la Bwana wetu katika Injili ya Mateo, sura ya 5: mtu akumbukaye mbele ya altare kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aache kipaji chake papo hapo, aende kwanza kupatana naye, kisha arudi kutoa. Basi yule mwenye ng'ombe anajua njia ya kwenda kwa mjane. Hata kwa miguu si mbali, na kikapu chake kitamngoja.