Samatta alifeli Villa? Ngoja tuhesabu vizuri

Wadau, kuna ubishi mmoja vijiweni ambao tangu 2020 haujaisha. Mkikaa kuangalia mpira wa England, haipiti nusu saa lazima atokee mtu aseme, "Samatta naye si alipewa nafasi akachemsha." Mwingine anaruka juu kuwa jamaa alionewa, na hapo mechi inasahaulika, watu wanabaki kunyoosheana vidole. Leo nataka tuufumue ubishi huu kwa utulivu, bila jazba.

Namba za Villa zinasomeka hivi: mechi 16 za mashindano yote, mabao 2. Za ligi ni mechi 14, bao 1. Kwa straika aliyenunuliwa kwa ada iliyotajwa kuwa kati ya pauni milioni 8.5 na 10, ukizisoma hizo peke yake kesi imekwisha, tuzime taa tukalale. Lakini straika sio bondia, hapigani mwenyewe. Anakula kwa mikono ya wenzake. Kwa hiyo kabla hujauliza alifunga mangapi, uliza kwanza alikuwa analishwa na nani.

Turudi nyuma kidogo. Huyu ni kijana wa Mbagala, kaanzia African Lyon, ile iliyokuwa inaitwa Mbagala Market, akahamia Simba mwaka 2010. Mapema 2011 Simba wakapangwa na TP Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Hao Mazembe walikuwa mabingwa wa Afrika, na Desemba 2010 walikuwa wametoka kucheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia na Inter Milan. Simba walifungwa nyumbani na ugenini, lakini wageni waliondoka na kitu cha thamani kuliko matokeo: walikuwa wameshamwona Samatta. Mwaka huohuo akawa wao, na Thomas Ulimwengu naye akaenda.

Kuna walioguna wakati ule. Kongo? Si bora Ulaya moja kwa moja? Mimi nasema ile ndiyo hatua iliyomjenga kuliko zote. Fikiria dogo wa miaka 18 anayeondoka nyumbani kwa mara ya kwanza. Lubumbashi wanaongea Kiswahili, cha kwao cha Katanga, ukikisikia utacheka siku ya kwanza, ya pili unaelewana nao. Hakuhitaji mkalimani wa kumwambia kocha anataka nini. Klabu ya Moïse Katumbi ilikuwa na hela, ina uwanja wake, na karibu kila mwaka ipo Afrika inacheza na Waarabu kwenye mechi ngumu. Sasa linganisha na vijana wetu wanaopelekwa majaribio Ulaya katikati ya baridi, lugha hawaijui, wiki mbili wamerudi.

Akakaa miaka minne na zaidi. Sio kupita, kukaa. Fainali ya 2015 na USM Alger, alifunga penalti kule Algiers Mazembe wakishinda 2-1, akafunga penalti nyingine Lubumbashi wakishinda 2-0. Penalti mbili za fainali, moja ugenini kwa Waarabu... hiyo sio bahati, ni moyo. Januari 2016 pale Abuja akatangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akiwaacha kipa wake mwenyewe Robert Kidiaba na Mwalgeria Baghdad Bounedjah. Mwezi huohuo akasaini Genk ya Ubelgiji.

Hapa Genk ndipo penye jibu letu, kwa hiyo msiruke. Msimu wa 2018/19 Genk walikuwa mabingwa wa Ubelgiji na Samatta alifunga mabao 23 ya ligi. Akapewa na tuzo ya Kiatu cha Ebony, ya mchezaji bora wa Ubelgiji mwenye asili ya Afrika. Nyuma yake walikuwepo nani? Ruslan Malinovskyi, ambaye baadaye alienda Atalanta. Leandro Trossard, ambaye alienda Brighton na mwishowe Arsenal. Na Alejandro Pozuelo, yule Mhispania, hadi alipoondoka Machi 2019 kwenda Toronto. Watatu wanaojua kupiga pasi ya mwisho, na mbele yao mtu ambaye kazi yake ni kukimbia nyuma ya mabeki na kuruka. Samatta hakuwa straika wa kusimama na beki mgongoni akashikilia mpira. Ni wa kuvizia, anachomoka kwa wakati.

Novemba 5, 2019 akawa Anfield kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya. Kona ikapigwa, akaruka, kichwa, nyavu zikacheka. Liverpool walishinda 2-1, sawa, lakini walikuwa mabingwa wa Ulaya wakati huo na mtu wa Mbagala kawafunga kwao.

Sasa Villa. Januari 1, 2020, straika wao Mbrazili Wesley aliumia goti vibaya kwenye mechi na Burnley. Timu inapigania kushuka daraja, haina mtu wa mbele. Januari 20 wakamsaini Samatta. Yaani hawakumfuata kwa mpango wa miaka, walikuwa wanazima moto. Na waliyempoteza ni jitu refu la kushikilia mipira, waliyemleta ni mkimbiaji. Timu ileile, mipira ileile mirefu, mtu tofauti.

Suala la kibali nalo halikuwa dogo. Enzi hizo mchezaji wa nje ya Ulaya alipita kirahisi kama nchi yake ipo kwenye 50 bora za FIFA na anaichezea mara kwa mara. Sisi tulikuwa huko nyuma ya 100. Njia iliyobaki ni jopo maalumu, linaloangalia mambo kama ada, mshahara na mashindano aliyocheza mtu. Ligi ya Mabingwa kwenye rekodi ni kitu kizito mbele ya watu kama hao. Bila Genk, na bila Mazembe kabla ya Genk, sioni kama hiyo barua ingetoka.

(Na nyie watu wa Msimbazi msiniulize kwa nini nyie. FIFA ina kanuni ya kukata asilimia 5 ya ada na kuigawa kwa klabu zilizomlea mchezaji kuanzia miaka 12 hadi 23. Msimu mmoja kwenye umri aliokuwa nao Simba ni asilimia 0.5. Ya pauni milioni 8.5 hiyo ni pauni 42,500, zaidi ya shilingi milioni 100 kwa kiwango cha 2020. Kwa hiyo haki ya Lyon, Simba na Mazembe ipo kwenye karatasi. Klabu zetu zitunze tu vitabu vyake.)

Alianza vizuri. Februari 1 mechi yake ya kwanza ya ligi, ugenini Bournemouth, akafunga kwa kichwa, Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu ya England. Machi 1 fainali ya Kombe la Ligi, Wembley, Man City wanaongoza 2-0, El Ghazi akapiga krosi, Samatta akaruka mzima mzima akaiweka kwa kichwa. Ikaisha 2-1. Nakumbuka mtaa wetu ulipiga kelele kama tumeshinda sisi.

Angalia vizuri: Anfield kichwa, Bournemouth kichwa, Wembley kichwa. Ukimletea mpira kwenye boksi, anafunga. Lakini Villa msimu ule walifunga mabao 41 tu katika mechi 38, na kinara wao wa ligi alikuwa Grealish, kiungo, kwa mabao 8. Hapo hata wenyewe walikuwa na njaa.

Baada ya Wembley ikaja korona. Ligi ikasimama Machi, ikarudi Juni 17 viwanja vitupu. Na hapa sitamtetea: mechi zilizobaki hakufunga hata moja, na mara kadhaa mabeki walimmeza mzimamzima, mpira ukimfika hakai nao. Anayesema alipungukiwa nguvu kwa ligi ile hadanganyi. Villa wakanusurika siku ya mwisho kwa pointi 35, moja zaidi ya Bournemouth na Watford. Septemba wakamwaga pauni milioni 28 kwa Ollie Watkins, ambaye kocha Dean Smith alishamfundisha Brentford, na Samatta akaelekea Fenerbahçe. Miezi minane, ambayo mitatu watu walikuwa wamefungiwa ndani.

Kwa hiyo alifeli? Kwa mabao ya ligi, ndiyo, bao moja ni bao moja. Ila anayetumia miezi hiyo kuipima kazi yake yote anakosea hesabu. Baada ya hapo kapita Antwerp, karudi Genk, kaenda PAOK akawa bingwa wa Ugiriki 2023/24, na 2025 akiwa na miaka 32 Le Havre ya Ufaransa wakamsajili. Straika aliyechemsha kweli hapigiwi simu na klabu ya Ligi Kuu ya Ufaransa akiwa na umri huo.

Haya, uwanja ni wenu. Anayebisha aje na namba, na atuambie nani mwingine wa Bongo kafunga Anfield na Wembley ndani ya miezi minne.