Kelele za Awamu na Upimaji Wake

Chanzo bora cha mawimbi ya redio, mathalani kile cha fuwele chenye masafa ya megahezi 10, hutarajiwa kutoa mapigo yafuatanayo kwa vipindi sawa. Hata hivyo, kila pigo huwahi au huchelewa kidogo mno. Kuyumba huko ndiko wataalamu wakuitako kelele za awamu. Katika rada, kelele hizo huweza kuuficha mwangwi hafifu wa chombo kiendacho polepole.

Je, hupimwaje? Aghalabu chanzo hulinganishwa na kingine cha masafa yaleyale. Mawimbi yao huachanishwa kwa nyuzi 90 na kuingizwa katika kichanganyishi, nacho huonyesha tofauti ya awamu. Tatizo ni kwamba kelele za vyanzo vyote viwili hujumlika. Vikilingana kwa ubora, desibeli 3 huondolewa katika jibu ili kupata kelele za kimoja. Lakini je, kipimwacho kikiwa bora kuliko kipimio? Hapo hutumiwa vipimio viwili vinavyojitegemea, na matokeo yake huoanishwa. Kelele za kipimwacho husalia kwa kuwa zimo katika yote mawili, ilhali za vipimio hufifia. Wastani wa vipimo 100 huzipunguza kwa desibeli 10. Ndiposa twasema kwamba shahidi mmoja hatoshi. Wawili wasiojuana huufichua ukweli.