Kisangani: Mji Uliozaliwa Penye Maporomoko

Kwa nini mji mkubwa ulikua ndani kabisa ya msitu wa Kongo? Jibu liko katika mto wenyewe.

Meli zitokazo Kinshasa hupanda Mto Kongo kwa kilomita zipatazo 1,700 hadi Kisangani. Hapo njia hufungwa. Mbele yake yako maporomoko saba ya Boyoma, yaliyotawanyika katika umbali wa kilomita 100 hivi. Mzigo hauna budi kushushwa, na mahali pa kushushia mizigo huvuta maghala, soko na watu.

Wenyeji walilijua eneo hilo zamani. Wavuvi Wagenya husimika miti mikubwa katikati ya maji yaendayo kasi na kutundika migono yao hapo. Mwaka 1877 Henry Morton Stanley alipita, na mwaka 1883 akaanzisha kituo kidogo. Wafanyabiashara Waswahili walikuwa wamekwisha kufika eneo hilo wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Mkuu wao, Tippu Tip wa Zanzibar, aliteuliwa liwali wa Mfalme Leopold II mwaka 1887. Biashara hiyo iliacha majeraha. Iliacha pia Kiswahili, kinachosemwa mjini hadi leo pamoja na Kilingala.

Mwaka 1897 Padre Gabriel Grison, wa Shirika la Mapadre wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, aliwasili kuanzisha misheni. Mwaka 1906 reli ya kilomita 125 ilifika Ubundu, ikiyazunguka maporomoko. Mji, ulioitwa Stanleyville, ukazidi kupanuka. Mwaka 1966 ukapewa jina la Kisangani.

Lakini mahali penye faida hiyo hutamaniwa pia na wenye silaha. Waasi wa Simba waliuteka mji mwaka 1964. Mwezi Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana humo siku sita, yakaua mamia ya raia. Vita vilipoifunga njia ya maji kutoka Kinshasa, bidhaa ziliadimika, na watu wakategemea baiskeli, ziitwazo toleka, kubebea abiria na mizigo.

Basi, amani ya mto ni chakula cha mji huu. Meli zikifika, soko hujaa; zikikoma, maskini ndio wa kwanza kulala njaa.