Je, Wajua? Yaliyojificha Nyuma ya Kitufe cha Start

Nyuma ya menyu kuna folda!
Sehemu ya orodha ya programu kwenye menyu ya Start unayoifungua kila siku kwenye Windows inatokana na folda za kawaida, ndugu wa ile unayohifadhia picha za harusi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:programs, gonga Enter, na folda yako hiyo hapo. Tupia humo njia ya mkato (shortcut) ya programu yoyote, nayo itajitokeza kwenye orodha ya programu. Ukitaka, igawe kwa folda ndogo: moja uiite "Kazi", nyingine "Michezo ya Watoto". Hakuna fundi wa kuitwa hapo.

Mzigo wa gogo, uzito wa unyoya
Programu inaweza kula gigabaiti 50, lakini njia yake ya mkato mara nyingi haizidi kilobaiti chache. Ni kama kikaratasi cha kumwelekeza mgeni: pita msikitini, kata kushoto, geti la buluu. Ukikichana, nyumba haibomoki. Ndiyo maana anayefuta ikoni hiyo ili "kuokoa nafasi" haokoi kitu, na anayeinakili kwenye flashi aende nayo nyumbani hufika na kikaratasi mkononi, nyumba ameiacha ofisini.

Jina la pili halitajwi
Faili za njia za mkato huishia na .lnk, ila Windows huficha herufi hizo hata ukiiamuru ionyeshe miishio ya faili zote. Kinachoziumbua ni kile kimshale kidogo pembeni mwa ikoni.

Kuzima kompyuta kwa mbofyo mmoja
Njia ya mkato hubeba hata amri! Tengeneza mpya, na panapoulizwa mahali ilipo programu andika shutdown /s /t 60. Ukiibofya, kompyuta itajizima baada ya sekunde 60. Hifadhi kazi yako kwanza, maana haibembelezi mtu. Ukighairi, una dakika hiyo moja ya kubonyeza tena Windows na R, kisha kuandika shutdown /a.

Kitufe kilichofutwa, kikarudishwa
Start ilizinduliwa na Windows 95 tarehe 24 Agosti 1995, ikitangazwa kwa wimbo wa Rolling Stones, "Start Me Up". Mwaka 2012 Windows 8 ikakiondoa kitufe chake, watu wakapiga kelele, na 2013 toleo la 8.1 likakirudisha.

Ikoni iliyouma kwa kutazamwa
Mwaka 2010 iligunduliwa Stuxnet, kirusi kilicholenga mitambo ya kurutubisha urani ya Iran. Kilisafiri kwa flashi, na ilitosha kufungua folda ikoni ya njia ya mkato ionekane, kubofya hakukuhitajika! Binamu zake wa mtaani tunawajua: unatoka kuchapisha barua, unachomeka flashi, kila folda imegeuka njia ya mkato. Usiibofye hata moja, wala usikimbilie kuifomati flashi. Mara nyingi faili zako zimo humohumo, zimefichwa tu.