Daftari Likikaa kwa Wengi, Foleni Inakua

Boom lilipoingia, mwenzangu wa chumbani alitaka kutia sehemu yake kwenye Solana. Hoja yake ilikuwa moja tu: "Mwana, hii ina spidi, Bitcoin imezeeka." Mimi nasoma ualimu, si kompyuta, ila nikamwomba wiki moja nikasome kwanza.

Blokicheni ni daftari la miamala. Kumbuka michango ya darasa. Mwaka wa kwanza daftari letu alilishika CR peke yake, na kazi ilienda chapuchapu mpaka siku tulipouliza hela ziko wapi. Laiti kila mmoja wetu angekuwa na nakala, asingeweza kufuta hata mstari. Lakini hapo kila mchango ungesubiri nakala zote zilingane, na foleni ingefika mlangoni. Ubishi wa mitandao hii yote umelala hapo.

Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, ilichagua nakala nyingi. Bloki hutoka kila baada ya dakika 10 hivi, na mtandao mzima hubeba miamala kama 7 kwa sekunde. Kidogo mno! Ila kompyuta ya kawaida yenye diski ya TB 1 inatosha kutunza daftari lote na kukagua kila muamala. Mwaka 2017 waliotaka bloki kubwa walijitenga wakaanzisha Bitcoin Cash. Waliobaki walihofia kwamba bloki zikinenepa, mtu wa kawaida atashindwa kutunza nakala. Binafsi naona walikuwa na hoja. Tusidanganyane lakini: hata huko, makundi machache ya wachimbaji yameshika zaidi ya nusu ya nguvu ya uchimbaji. Wanachagua miamala ipi iingie kwenye bloki, ila hawawezi kubadili kanuni, maana wenye nakala wataikataa bloki mbovu.

Solana ilianza 2020 ikaenda upande wa pili. Bloki hutoka ndani ya nusu sekunde, na miamala hupita kwa maelfu kila sekunde. Gharama yake ni mashine: anayetaka kuthibitisha miamala anahitaji RAM ya GB 256 au zaidi. Laptop yangu ina 4, na ikifungua PDF mbili inalia. Kwa hiyo wakaguzi ni wale wenye uwezo. Halafu Februari 2023 mtandao ulikwama kwa karibu saa 19, na Februari 2024 kwa saa 5 hivi, mpaka wathibitishaji wakaratibu kuuwasha upya.

Ethereum iko katikati. Desemba 2017 mchezo wa paka wa kidijitali, CryptoKitties, uliujaza mtandao miamala ikakwama. Siku hizi miamala mingi inapelekwa mitandao ya pembeni, inakusanywa, kisha kumbukumbu yake inarudishwa kwenye daftari kuu. Ada imeshuka sana. Ila kwenye mtandao kama Base, anayepanga foleni ya miamala ni kampuni moja, Coinbase. CR karudi kwa mlango wa nyuma.

Yote haya hayasemi bei ya sarafu gani itapanda, na nilimwambia hivyo. Alichoshika yeye ni zile saa 19. "Sasa ningekuwa nimetia boom lote, siku hiyo ningekula nini?"

Amepunguza kiasi. Hajaacha.