Vipimo vya Fundi wa Mapambo ya Waya

Maneno yangu ya leo ni ya kazi ndogo, ambayo watu wengi huidhani kuwa ni mchezo wa vijana, nayo ni kazi ya kutengeneza mapambo kwa waya: pete, bangili, vikuku, mikufu na herini. Sitaeleza jinsi ya kuupinda waya, kwa kuwa jambo hilo hufundishwa kwa macho kuliko kwa maneno. Nataka kusema habari za vipimo, maana hapo ndipo mali ya fundi inapopotea naye hana habari.

Shaba huuzwa kwa uzito, bali fundi huuza bangili moja moja. Kilo moja ya shaba nyekundu, ikiwa ni waya wenye unene wa milimita 1, ina urefu wa mita 142 hivi. Ikiwa ni waya wa milimita 2, haizidi mita 35 na nusu. Labda mtu atauliza: unene umeongezeka mara mbili, mbona urefu umepungua mara nne? Sababu ni kwamba waya unenepapo hunenepa upana na kimo pamoja, na mbili mara mbili ni nne. Basi asiyejua unene wa waya wake hajui bangili imekula shaba kiasi gani, na asiyejua hilo hawezi kutaja bei. Atauza kwa hasara huku akicheka na mnunuzi.

Wazee wetu walikuwa na vipimo vyao, navyo ni shibiri, dhiraa na pima, vyote vya mwilini. Vilifaa sana kwa nguo na kamba, lakini hapana kidole kiwezacho kupima unene wa waya. Hata hivyo biashara ya waya ni ya zamani katika nchi zetu. H. M. Stanley alipojitayarisha Unguja mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alinunua frasila 10 za waya wa shaba ya manjano, yaani ratili 350, na waya wenyewe ulikuwa wa namba 5 na 6. Huo ni waya mnene, wapata milimita 5 na zaidi. Waya mnene wa namna hiyo watu wa pwani waliuita masango, na ule mwembamba wa kufanyia vikuku waliuita udodi.

Je, mnene hugeuzwaje kuwa mwembamba? Kwa chamburo. Chamburo ni bamba la chuma kigumu lenye matundu mengi yaliyopangwa kwa safu, kila tundu dogo kuliko lile lililotangulia. Fundi huichonga ncha ya waya kwa tupa, huipitisha katika tundu, kisha huishika kwa koleo upande wa pili na kuuvuta waya wote. Halafu huuingiza katika tundu la pili, na la tatu, akiutia motoni kila mara uanzapo kuwa mgumu, usije ukakatika. Mimi nakihesabu chombo hiki kuwa kipimo, ingawa wengi hukihesabu kuwa ni cha kuvutia tu. Maana waya uliotoka katika tundu la saba leo na ule utakaotoka katika tundu lilo hilo mwezi ujao ni sawa, maadamu tundu halijalika.

Na asili ya namba za waya ni huko huko kwenye kuvuta. Kadiri waya ulivyovutwa mara nyingi, ndivyo namba yake ilivyopanda na unene wake ulivyoshuka. Ndiyo sababu namba kubwa ni ya waya mwembamba. Wenye nyumba za mabati wanalijua jambo hili: bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28.

Taabu ni kwamba kila kiwanda kilikuwa na namba zake. Uingereza iliweka geji moja ya sheria, ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 1884. Wamarekani nao wana geji yao, iliyotoka kwa kampuni ya Brown & Sharpe mwaka 1857. Hizi mbili hazipatani. Waya wa namba 16 wa Kiingereza una milimita 1.63, wa namba iyo hiyo wa Kimarekani una milimita 1.29. Kwa hiyo mtu akiona katika kitabu imeandikwa "chukua waya wa namba 16", yampasa kwanza aulize kitabu kimetoka nchi gani.

Geji yenyewe ni kisahani cha chuma chenye mianya ukingoni, na kila mwanya mwishoni mwake una tundu la mviringo. Wanafunzi wengi huutia waya katika tundu lile, wakapata namba isiyo yake. Mwanya ndio upimao. Tundu ni la kuurahisishia waya kutoka.

Asiye na geji asihuzunike. Na atwae penseli, auzungushe waya mara 20, mizingo ikigusana bila kupandana, kisha apime kwa rula upana wa mizingo yote, agawanye kwa 20. Mizingo ikichukua milimita 18, waya una milimita 0.9, nao ni kama namba 20 ya Kiingereza. Ikichukua milimita 16, unene ni 0.8, nao ni kama namba 20 ya Kimarekani. Waya wa 0.8 wafaa sana kwa kulabu ya herini, ukifika 1.2 utaliumiza sikio la mwenye kuuvaa, wala hatarudi kununua tena.

Vijana wengi siku hizi hupata shaba yao katika nyaya za umeme zilizobaki nyumba zijengwapo. Ni shaba njema, lakini ile namba iliyoandikwa juu yake imewadanganya wengi. Waya wa 2.5 si waya wa milimita 2.5! Namba hiyo yaonyesha eneo la uso wa waya ukikatwa, kwa milimita za mraba. Waya wa 2.5, ukiwa ni uzi mmoja usiosokotwa, unene wake ni milimita 1.78; na wa 1.5 ni milimita 1.38. Mwenye kalipa, kile chombo chenye mataya mawili na vistari vidogo vilivyobuniwa na Mfaransa Pierre Vernier mwaka 1631, ataliona jambo hili mara moja. Asiye nacho arudi kwenye penseli yake.

Sasa urefu. Tuseme kidole chataka pete yenye uwazi wa milimita 18, na waya ni wa milimita 2. Mwanafunzi aliyesoma hesabu atazidisha 18 kwa 3.14, akate waya wa milimita 56 na nusu, auunge. Pete haitaingia, kwa sababu waya upindwapo upande wa ndani hujikunja na upande wa nje hunyoshwa. Urefu usiobadilika ni wa katikati ya waya. Basi huongezwa kwanza unene wa waya: 18 na 2 ni 20, mara 3.14, jumla milimita 63 karibu. Tofauti ni zaidi ya milimita 6. Yule wa kwanza amepata pete ya milimita 16, na kiungo amekwisha kukitia moto.

Kwa bangili isiyofunguka usipime kifundo cha mkono. Mwambie mwenyewe akunje kidole gumba kiganjani, kama atakavyofanya aivaapo, nawe uzungushe ukanda wa karatasi mahali palipo panene kupita pote. Hapo ndipo bangili itakapopita.

Vipete vya mkufu havipimwi kimoja kimoja. Waya huzungushwa juu ya msumari au sindano ya kufumia, kisha mizingo hukatwa, na vyote huwa sawa kwa kuwa vimezaliwa na kijiti kimoja. Andika juu ya kijiti hicho unene wake, ukiweke. Na kwa herini kata kipande cha bati kwa urefu wa kulabu, kiwe ndicho cheo chako. Maana neno hili, kabla ya kuwa daraja la watu, lilikuwa ni kipimo. Kata nyaya mbili za jozi pamoja kwa cheo hicho kimoja, uzipinde zote mbili juu ya kijiti kimoja siku ile ile.